Mkono wa Silasi na Kibuyu cha Nyamuswa

Mjomba wangu Silasi alikuwa na mkono wa kulia ulioogopwa Nyamuswa nzima. Haukuwa mkono wa ngumi wala wa kalamu. Ulikuwa mkono wa kuingia ndani ya pamba ya watu. Mkulima alifika kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika na furushi lake, juu pamba nyeupe ya kupendeza, na Silasi hakuhangaika kuangalia juu. Alikunja shati, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akafumba macho, kisha akautoa na kile kilichofichwa chini: pamba ya manjano iliyonyeshewa, majani makavu, mara nyingine jiwe. Pamba safi aliiacha ipite mizani. Ile mbovu, ambayo kwetu inaitwa fifi, aliifunga kitambaa chekundu shingoni mwa furushi, na wapagazi wakiona kitambaa hawakuuliza tena, waliitupa kona yake.

Alipenda kusema kwamba ghala haliharibiwi na fifi, maana fifi ipo kila shamba. Linaharibiwa na kukosekana kwa mtu wa kuifunga kitambaa. Nilikuwa namwona ni mtu wa kujisifu.

Mimi ni mtoto wa dada yake, Hana. Naitwa Wankyo, na kazi yangu ni ya maabara, Musoma mjini. Kutwa nachungulia damu, mkojo na makohozi ya watu, kwa hiyo aibu sina, na subira nilikwisha kuimaliza zamani. Habari hii naisimulia kwa hasira. Anayetaka kusimuliwa kwa upole, majirani zetu wa Nyamuswa wapo, watamsimulia vizuri sana, na watamdanganya.

Ilikuwa miaka ile ya shida, tulipofulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni ilikuwa hadithi, na mwanamke akipata kanga mpya watu walimuuliza kamhonga nani. Pamba ndiyo ilikuwa tumaini la kila nyumba. Sasa fikiria mtu anafunga kitambaa chekundu kwenye tumaini lako, tena mbele ya shemeji zako. Silasi hakuwa na marafiki wengi.

Aliyemchukia kuliko wote alikuwa mzee Enoka. Huyu alikuwa na mashamba, alikuwa na maksai wa kulimia, na alikuwa na sauti ya kuzima mkutano. Msimu mmoja alileta pamba aliyoinyunyizia maji iwe nzito, akategemea jina lake limpitishe. Silasi alizamisha mkono, akautoa umelowa, akaufuta kwenye suruali yake taratibu, kila mtu aone. Kisha akafunga kitambaa. Enoka alicheka na wenzake siku ile, lakini kicheko cha tajiri aliyeaibishwa ni deni, na wote tulijua litalipwa.

Kiangazi kilichofuata, wezi wakafungua zizi la Enoka na kuondoka na maksai wake. Wezi wa ng'ombe kwetu si habari mpya. Enoka ndiye aliyeleta jipya: alisema kuna mtu aliyewaonyesha wezi mlango, na mtu huyo anajulikana kwa mkono wake kuingia mahali pasipomhusu. Mkutano ukaitwa uwanjani mbele ya ghala la pamba. Shahidi hakuwepo hata mmoja. Basi wakafanya kinachofanywa na watu wasio na shahidi, wakaleta kibuyu.

Kiapo chetu hakina maneno mengi. Kibuyu kinajazwa maji mpaka mdomoni, mtuhumiwa anakishika kwa mkono wa kulia, mkono umenyooka, na anasema mbele ya watu. Silasi alisema, "Kama nilionyesha njia, mkono huu uniumbue." Akanywa, akamwaga yaliyobaki chini. Mzee Ngolo, ambaye ndiye mtunza kibuyu, akatangaza kwamba kiapo kimeachwa kifanye kazi yake. Misimu miwili ya pamba ikipita bila dalili, Silasi yu safi na Enoka atamwomba radhi hadharani. Dalili ikitokea, mtu hana haja ya kuuliza.

Msimu wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ulipokuwa unaelekea mwisho, Nyamburi, mke wa mjomba, alimwona mumewe ameketi mlangoni ametulia, na kidole gumba chake cha kulia kinazungukazunguka juu ya kidole cha shahada, kama mtu anayepekecha mbegu ya pamba. Akamwambia aache. Silasi akatazama mkono wake, akagundua kwamba kidole kilikuwa hakimsikilizi yeye.

Alikuwa hajafika miaka arobaini. Ugonjwa wa kutetemeka tuliujua kwa vikongwe, na kwa kikongwe hakuna anayeshangaa. Kwa mwanaume wa umri ule, mwenye nguvu za kubeba furushi, aliyeapa juzi juzi kwa mkono uleule, Nyamuswa haikuhitaji daktari. Alificha mkono mfukoni. Akaanza kukagua pamba kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo alipojimaliza, kwa sababu wakulima walioumizwa na mkono wa kulia miaka yote ile wangekosaje kuona umehama? Watoto waliimba njiani. Watu wazima hawakuimba, walisogeza vigoda vyao mbali naye kilabuni.

Silasi hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alikwenda hadi hospitali ya misheni kule ziwani, ambako kulikuwa na mtawa mwuguzi, Sista Hyasinta, mwenyeji wa vijiji vya rasi, mama mrefu mwenye sauti ya kuitia mtumbwi. Sista alimgongesha vidole, akamtembeza, akamgeuza, akamwita daktari. Wakamwambia ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Pakinsoni, na kwa kijana kama yeye huwa mara nyingi ni jambo la damu ya ukoo. Dawa ilikuwepo kidogo, imekuja na maboksi ya msaada. Sista akamsisitizia masharti: ameze kidonge kimoja tumbo likiwa tupu, asikifuatishe na nyama, na asizidishe hata akiona hakifanyi kazi upesi.

Kidonge kile, jamani. Silasi alisimulia kwamba alimeza asubuhi akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali, na kabla ya saa sita mchana mkono ulikuwa wake tena. Alivunja njiti za kibiriti akazipanga, akazivunja tena. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Mtu mwenye akili ya woga angekaa kimya na vidonge vyake. Mjomba alikwenda kwa mzee Ngolo akadai mkutano. Alitaka kushika kibuyu tena mbele ya wote, kimejaa mpaka mdomoni, na tone lisidondoke. Alitaka Enoka amwombe radhi kwa sauti ileile aliyomtuhumu nayo. Akishindwa, sharti lilijulikana na alilikubali: shamba na ng'ombe vinakwenda kwa Enoka kufidia maksai, na yeye anaondoka Nyamuswa asirudi, hai wala maiti.

Mimi nilikuwa Mwanza chuoni wakati huo. Ninayoyasema ya siku ile nimeyatoa kwa mama yangu, na niliyang'oa kama jino bovu, kidogo kidogo, kwa miaka.

Mama alikuwa na jambo lake ambalo hakuna aliyelijua. Tangu kiangazi kile cha wizi wa maksai, kila akimaliza kulima, jioni, mguu wake wa kushoto ulikuwa unajikunja wenyewe. Vidole vinaingia ndani, kisigino kinanyanyuka, unauma, mpaka alale usingizi ndipo unanyooka. Aliufunga kwa kipande cha kanga na kusema amejikwaa. Hakuwa ameapa kiapo chochote. Hakuwa na habari na maksai wa mtu. Angeuonyesha mguu ule mkutanoni, hata Enoka asingekuwa na la kusema, maana ingeonekana kwamba ugonjwa umo kwenye damu yao na hauna habari na kibuyu.

Lakini mama alikuwa na mume, na mume huyo ni baba yangu, Mhoja. Wiki ile ile baba alikuwa amemwambia, huku akila, kwamba ikidhihirika kwao kuna damu ya kutetemeka atamrudisha, kwa sababu hakuoa ili auguze. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi. Baba yangu ni hivyo.

Siku ya mkutano Silasi alimeza kidonge alfajiri, tumbo tupu, kama alivyoagizwa. Mkutano wa asubuhi kwetu unaanza mchana. Walipokuja kukusanyika, nguvu ya kidonge cha alfajiri ilikuwa inakwisha. Tena kuna desturi ambayo Sista Hyasinta hakuijua, na Silasi hakuifikiria: kabla ya kushika kibuyu mara ya pili, mtuhumiwa na mtuhumu wanachinjiwa mbuzi mmoja, wanakula nyama ya kuchoma kutoka sinia moja, ili isisemwe kwamba mmoja amemroga mwenzake. Kukataa nyama ni kukiri. Mjomba alikula. Alipomaliza, akameza kidonge chake cha pili juu ya nyama.

Nyama ni protini, na dawa ile inapita tumboni kwa mlango uleule zinamopita protini. Nyama ikitangulia, dawa inakaa nje inangoja. Silasi alingoja, kidole kikaanza kupekecha. Akaenda nyuma ya ghala akajifanya anajisaidia, akameza viwili vingine.

Aliporudi alizungumza vizuri. Aliwaambia kwamba ameugua ugonjwa wa damu, hospitali imesema, na kiapo hakihusiki. Mzee Ngolo akasema jambo hilo ni rahisi kulijua. Akamgeukia mama yangu aliyekuwa amekaa na wanawake, miguu ameikunja chini ya kanga.

"Mama Wankyo, wewe na huyu mlinyonya ziwa moja. Kwenu kuna mwingine mwenye hivi vitu?"

Mama anasema Silasi alimtazama. Anasema hakumtazama kwa kuomba, alimtazama tu. Baba alikuwa amesimama kando ya Enoka, anachokonoa meno.

"Hakuna," mama alisema. "Kwetu hakunaga."

Silasi akapewa kibuyu. Akanyoosha mkono, na mkono ukatulia. Watu waliona, na Enoka aliona, na mama anasema kwa muda mfupi ule alimshukuru Mungu kwamba uongo wake hautamdhuru mtu. Kisha nyama ikaachia mlango na vidonge vyote vikaingia kwa pamoja. Bega lilianza, likapanda na kushuka. Shingo ikajinyonga kando. Mkono ukajirusha, kibuyu kikaruka, maji yakammwagikia mzee Ngolo usoni, na mguu nao ukaanza kupiga chini na kujizungusha, mpaka mjomba wangu akawa anacheza ngoma isiyopigwa, mbele ya wale aliokuwa akiwafungia kitambaa chekundu. Daktari yeyote angewaambia kwamba ile ni dawa iliyozidi. Daktari hakuwepo.

Halafu mtu mmoja akaanza kumpigia makofi kwa mpigo wa ngoma, na wengine wakaitikia, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nyamburi alijifunika uso. Silasi alijaribu kusema kitu lakini ulimi nao ulikuwa unacheza. Mzee Ngolo akajifuta maji, akasema kibuyu kimesema.

Shamba lilikwenda, ng'ombe walikwenda. Nyamburi alichukuliwa na kaka zake pamoja na watoto kabla ya wiki kuisha, na watoto wakabadilishwa jina. Silasi alihamia Bunda, akapanga chumba kimoja mtaa wa Kabasa, akawa mtu wa kuchambua maharage ya wafanyabiashara kwa malipo ya maharage. Vidonge vilipokuwepo hospitali, alikuwa mtu. Visipokuwepo, alikuwa kama mti uliopandwa mlangoni, na vijana wa stendi walimrushia karanga wakimwambia acheze. Habari za Nyamuswa hufika Kabasa kwa basi la kwanza.

Kisha mambo ya nchi yakafunguliwa. Sabuni ikajaa, redio zikajaa, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao wakigombea mizigo. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuzamisha mkono. Safi na fifi zilipakiwa gunia moja, na Enoka alinyunyizia maji na kuongeza mchanga, kwenye shamba la mjomba wangu, mpaka viwandani wakaanza kulalamika na pamba yetu ikashuka thamani. Kazi ya Silasi ingekuwa imekufa hata kama mkono ungekuwa mzima. Hilo nalo lilimuuma, aliniambia.

Mama alivumilia na mguu wake mpaka mkono ukaanza. Mkono haufungwi kwa kipande cha kanga. Baba alitimiza neno lake, na sijasema naye tangu siku hiyo. Nilitaka nimlete mama Musoma akae na mimi, akakataa. Akasema mahali pake ni Kabasa, kwa kaka yake. Nilidhani ni upendo. Chumba kikawa na vitanda viwili na vikombe vya plastiki, kwa sababu vya udongo havikudumu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinirudishia hasira yote. Mwaka mmoja, karne mpya ikiwa changa, tulipelekwa semina Mwanza. Profesa mmoja alitufundisha mambo mapya ya seli, na kufika mchana nusu ya watu walikuwa wanasinzia. Mimi niliacha kusinzia aliposema kwamba ndani ya kila seli yetu vimo vimeng'enya vyenye kazi moja, kufunga alama. Protini zinaharibika kila siku, zinajikunja vibaya, zinachakaa. Na vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu navyo vinachakaa, vinaanza kutoa sumu. Kimeng'enya kinapita, kinatambua kibovu, kinakifunga kialama kidogo kiitwacho yubikwitini. Kikishafungwa, wapagazi wa seli hawaulizi, wanakipeleka kikavunjwevunjwe na vipande vitumike upya. Seli inabaki safi.

Akasema wapo watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye urithi wa kimeng'enya kimoja cha namna hiyo. Baba amebeba nusu ya kosa, mama nusu, wote wazima, na mtoto akipata nusu zote mbili hana mfungaji. Vibovu vinabaki ndani. Seli nyingine zinavumilia, lakini zipo chache katikati ya ubongo, zile zinazouamuru mwili utembee na utulie, hizo zinafanya kazi ngumu mno na hazivumilii. Zinakufa moja moja. Mtu anaanza kutetemeka akiwa kijana, mara nyingine mguu unaanza kwa kujikunja jioni, akilala unapata nafuu. Dawa inamfaa sana, na ikizidi inamchezesha.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Damu ya mjomba haikuwahi kupimwa kwa jambo hilo, kipimo chenyewe kwetu hakikuwepo, na siwezi kuapa. Lakini nilimweleza profesa habari zao zote, akasema ingemshangaza kama lingekuwa jambo jingine. Akauliza kama kuna mwingine katika familia. Nikamwambia mama yangu, aliyeanza na mguu, zamani, kabla hata kaka yake hajahukumiwa, maana likizo moja nilimkuta ameufunga kanga. Nilipolisema kwa mdomo wangu ndipo nilipolisikia.

Nilikwenda Kabasa moja kwa moja. Niliwaeleza wote wawili, kwa Kiswahili cha kawaida, na mjomba alikuwa amepata kidonge siku ile. Alifurahi sana habari ya mfungaji alama. Alicheka, akasema kumbe hata kichwani kuna ghala. Kisha nikamgeukia mama nikamuuliza mguu ulianza lini. Alilia kabla hajajibu. Alimwambia kaka yake yote, baba, kitisho, kanga aliyoufungia mguu, na lile "hakunaga".

Mjomba aliutazama mguu wa dada yake.

"Nilikuonaga unachechemea, mdogo wangu," alisema. "Siku ile nilikuwa nangojea tu useme."

Hakumfokea. Heri angemfokea. Alimwomba kitu kimoja, aende Nyamuswa akaseme mbele ya watu walewale, ili yeye mjomba arudi kwake afe kwake. Hakutaka ng'ombe, wala shamba. Alitaka tu kuzikwa kwenye ardhi alikozaliwa, jina lake likiwa safi.

Tulipanda basi, mimi na mama. Alishuka Nyamuswa anatetemeka mkono na taya, mguu anauburuta, na hatukufika mbali watu walikuwa wameshajaa. Ngolo alikuwa mzee sana lakini masikio yake yalikuwa mazima. Enoka alikuja na kiti chake. Mama alisimama mahali palepale uwanjani na akasema ukweli, hakuficha: alikuwa mgonjwa kabla ya siku ile, hakuwa ameapa, na alisema uongo. Nikafuata mimi na seli zangu, na protini zangu, na kimeng'enya kinachofunga alama. Nilitumia mfano wa kitambaa chekundu, nikaona wazee wanaitikia kwa vichwa, nikafikiri Mungu ametusikia.

Mzee Ngolo alimuuliza mama kama ni kweli alisema uongo siku ya kibuyu, mbele ya kibuyu. Mama akasema ni kweli.

"Basi mnaona," Ngolo aliwaambia watu. "Kaka alidanganya kikamshika. Dada naye alidanganya kimemshika vilevile. Sisi tulikuwaga na shaka kidogo, sasa hatuna."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mguu ulianza kabla ya uongo, wakamuuliza mama nani aliuona, na hakuna aliyeuona, maana aliufunga. Nilirudia habari ya kimeng'enya, kwamba kimekosekana tangu tumboni mwa mama yao. Ngolo alinisikiliza kwa adabu kuliko wote.

"Mjukuu wangu, nimekuelewa vizuri," alisema. "Huyo mfungaji wa alama hayupo kichwani mwao. Sasa niambie, nani alimtoa?"

Nilisema hakutolewa, hakuwepo. Watu wakacheka, bila ubaya, kama wanavyomcheka mtoto aliyesoma. Enoka alibeba kiti chake akaenda zake, amefurahi. Sijui mpaka leo nani aliiba maksai wake, na nadhani hata yeye hajui, na hajali. Wanawake waliokua na mama walimsogelea, nikadhani wanamkumbatia. Walikuwa wanataka kuutazama mkono kwa karibu.

Tulirudi Kabasa kwa basi. Mjomba alikuwa ametusubiri amekaa mlangoni, amenyoa ndevu, na kidevu kilikuwa na michubuko mingi kwa sababu alijinyoa mwenyewe. Nilifungua mdomo, lakini mama aliniwahi.

"Wamekusafisha, kaka," alisema. "Wote. Hata Enoka."

Mjomba alifunika uso kwa mikono yake miwili, na kwa ajabu ya ugonjwa ule mikono ilitulia. Alipoufunua alikuwa kijana. Akasema basi nimpeleke nyumbani kesho, hana la kungoja. Nilimtazama mama. Mama alitazama ukuta. Nikasema kesho nina zamu, labda wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema magari ni shida, na iliyofuata nikasema mvua. Mwanamke mwenye kazi hakosi sababu.

Hakulalamika. Alimeza kidonge asubuhi moja, akafunga mzigo wake mwenyewe: shati, sufuria, blanketi, na kitambaa kimoja chekundu alichokuwa amekitunza miaka yote. Aliuweka mlangoni, na kila jirani aliyepita, mjomba alimwambia kwamba anarudi kwao Nyamuswa, wamemsafisha; nao, ambao habari walishaipata kwa basi la kwanza, walimtakia heri tu. Ulikaa pale mlangoni mvua zote. Ulikuwa bado pale tulipomtoa kwenda kumzika, kwenye makaburi ya mji, na mama akauruka kwa mguu mmoja kwa sababu ule mwingine haukunyanyuka.